Ndiyo, Hapana, Sijui

Ukimwuliza mtu swali, kuna majibu matatu anayoweza kukupa: ndiyo, hapana, au sijui. Hata mtoto wa chekechea anafahamu hilo. Lakini sisi waandishi wa programu tukikaa mbele ya kompyuta tunalisahau. Tunaita fankisheni, tunapokea jibu lake, halafu tunaandika if moja yenye milango miwili tu. Jibu la tatu likija, linapita kwenye mlango wowote ulio wazi. Kwa bahati mbaya, mara nyingi mlango huo ni ule wa "ndiyo".

Vitabu vya programu hutuambia kila siku: "angalia jibu linalorudishwa na fankisheni." Ushauri mzuri, lakini hautoshi. Makosa mabaya zaidi ya aina hii hayakufanywa na watu waliosahau kuangalia. Waliangalia. Shida ni kwamba walikuwa na majibu mawili kichwani, na fankisheni ilikuwa na matatu. Hayo ndiyo maoni yangu, na hapa chini nitayatetea.

Tuanze na pesa

Mfano ulio karibu nasi zaidi hapa Kenya ni malipo ya M-Pesa kwenye tovuti. Tuseme unamtengenezea mteja duka la mtandaoni la viatu. Mnunuzi anabonyeza "Lipa", seva yako inaita API ya Daraja, na simu ya mnunuzi inaonyesha dirisha la kuweka PIN. Ukitafuta msimbo wa kazi hii, utakuta watu wengi wameandika kitu kama hiki:

```
$jibu = ombaMalipo($simu, $kiasi);

if ($jibu['ResponseCode'] == '0') {
    tumaViatu($oda);
}
```

Unaona tatizo? Mwandishi ameangalia jibu, hajalipuuza. Lakini ResponseCode ya sifuri haimaanishi kwamba mnunuzi amelipa. Inamaanisha kwamba ombi lako limepokelewa na litashughulikiwa. Basi. Wakati huo mnunuzi bado ameshika simu, hajaweka PIN. Anaweza kuiweka, anaweza kukataa, anaweza kuwa hana salio, au simu yake inaweza kuzima chaji.

Jibu la swali la "je, amelipa?" huja baadaye, kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja wakati wa kuomba. Humo kuna sehemu nyingine inayoitwa ResultCode. Sifuri hapo ndiyo malipo. 1032 ni mnunuzi kughairi. 1037 ni simu kutopatikana au mtumiaji kutojibu kwa wakati. 1 ni salio kutotosha.

Kwa hivyo kuna sifuri mbili, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inajibu "je, mmenisikia?" Ya pili inajibu "je, pesa zimeingia?" Ukiuza viatu kwa sifuri ya kwanza, mwenye duka atagawa mali bure kwa kila anayejua kubonyeza kitufe cha kughairi. Na hatajua hadi jioni atakapohesabu pesa.

Tena kuna mtego ndani ya mtego. Sifuri ile ya kwanza huja kama maandishi, yaani "0" yenye alama za nukuu, si namba. Kwenye PHP, maandishi "0" yakiwekwa ndani ya if huhesabiwa kuwa uongo. Kwenye JavaScript, maandishi hayohayo huhesabiwa kuwa kweli. Mwandishi wa PHP akihamia Node.js na kubeba msimbo wake mstari kwa mstari, maana yake inageuka kichwa chini, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

"Sijui" iliyogeuka "ndiyo"

Usidhani haya ni makosa ya wanaojifunza. Wakongwe pia wameanguka.

Mnamo Januari 2009, waandishi wa OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti, walitangaza hitilafu yenye namba CVE-2008-5077. Fankisheni ya kukagua sahihi ya kidijitali, EVP_VerifyFinal, ina majibu matatu. Hurudisha 1 kama sahihi ni halali, 0 kama si halali, na -1 kama kuna kitu kimeharibika hata ukaguzi wenyewe haukuwezekana. Sehemu kadhaa za msimbo ziliandikwa hivi:

```
if (!EVP_VerifyFinal(...))
    /* kataa */
```

Kwenye C, kila namba isiyo sifuri ni kweli. Kwa hiyo -1 ni kweli. Mshambuliaji hakuhitaji kughushi sahihi nzuri, alihitaji kutuma sahihi iliyovurugika kiasi cha kuishinda fankisheni. Mkaguzi akasema "sijui, hii hata haisomeki", na programu ikasikia "ndiyo, mpitishe". Hitilafu hii ilihusu funguo za DSA na ECDSA, na programu nyingine zilizoita fankisheni hiyohiyo, kama BIND ya majina ya tovuti na NTP ya saa, zilikuwa na kosa lilelile. Dawa yake ilikuwa kubadilisha alama: badala ya kuuliza kama jibu ni sifuri, uliza kama ni sifuri au chini yake.

Ungedhani dunia ilijifunza. Mnamo Machi 2014, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, GnuTLS, ilitoa marekebisho ya CVE-2014-0092. Fankisheni iliyotakiwa kusema kweli au uongo ilikuwa ikirudisha namba hasi ikipata tatizo, na mwitaji wake akazihesabu namba hizo kuwa kweli. Cheti kibovu kikapita. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu kosa la OpenSSL, na kosa lilikuwa la ukoo uleule.

Lakini ninaloliona la kushangaza zaidi ni la MySQL, lililotangazwa Juni 2012 kama CVE-2012-2122. Ili kulinganisha nywila, seva ilitumia memcmp, fankisheni ya C inayolinganisha baiti. Memcmp hurudisha sifuri kama vitu viwili ni sawa, na kama si sawa hurudisha namba yoyote hasi au chanya. Sisitiza neno "yoyote". Mwandishi aliichukua namba hiyo na kuiweka ndani ya kigeu cha baiti moja. Kwenye mifumo ambayo memcmp hurudisha namba kubwa, namba hiyo ilikatwa ikabaki baiti ya mwisho tu. Na mara moja katika kila 256, kwa wastani, baiti ya mwisho huwa sifuri.

Yaani ukijaribu kuingia kama root kwa nywila ya uongo, mara mia chache tu zilitosha kupata mlango wazi. Kompyuta hufanya majaribio hayo kwa sekunde. Hakuna aliyesahau kuangalia jibu. Jibu lilimwagika njiani, kama maji ya mtungi kwenye kikombe cha kahawa.

Sifuri si hapana

Turudi kwenye mambo madogo ya kila siku. Unataka kujua kama namba ya simu inaanza na 07. Mwanafunzi wa PHP ataandika:

```
if (strpos($simu, '07')) {
    echo 'Namba ni nzuri';
}
```

Strpos haijibu "je, ipo?" Inajibu "iko wapi?" Ikiikuta mwanzoni kabisa inarudisha 0, kwa sababu nafasi ya kwanza ni sifuri. Isipoiona inarudisha false. Ndani ya if, vyote viwili ni uongo. Matokeo yake ni kichekesho: namba inayoanza na 07 inakataliwa, na namba yenye 07 katikati inakubaliwa. Mwongozo wa PHP una onyo kuhusu jambo hili, na dawa ni kutumia alama tatu za usawa, yaani !== false. Mwaka 2020 PHP 8 ilileta str_contains na str_starts_with, ambazo hurudisha kweli au uongo tu. Miaka zaidi ya ishirini ya PHP ilipita kabla swali rahisi kupata jibu rahisi!

JavaScript ina ndugu yake. IndexOf isipoona kitu hurudisha -1, na -1 ndani ya if ni kweli. Kwa hiyo anayeandika if (orodha.indexOf(x)) anapata "ndiyo" kwa kitu kisichokuwepo na "hapana" kwa kitu kilicho mbele ya foleni. Tumia includes.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowalaumu wanafunzi. Fankisheni inayorudisha namba wakati mwingine na false wakati mwingine ni kama karani anayeandika kwenye safu ileile ya daftari mara bei, mara neno "hakuna". Msomaji akikosea, wa kwanza kuulizwa ni karani.

Wanaojibu kwa kimya

Kuna kundi la tatu: fankisheni ambazo hatuzisikilizi kabisa kwa sababu "haziwezi kushindwa".

Mfano maarufu ni wa simu za Android. Mnamo 2010 ilijulikana kwamba programu ya adbd, ambayo huanza ikiwa na mamlaka yote ya mfumo kisha huyaacha kwa kuita setuid, haikuwa inaangalia jibu la setuid. Nani angedhani kuacha mamlaka kunaweza kushindikana? Kumbe Linux ya wakati huo ilikuwa na kikomo cha idadi ya michakato kwa kila mtumiaji. Mshambuliaji alijaza michakato hadi kikomo, akaifanya adbd ianze upya, setuid ikashindwa, ikarudisha -1, hakuna aliyesikiliza, na adbd ikaendelea na kazi ikiwa bado root. Wengi waliitumia njia hiyo kufungua simu zao wenyewe, lakini mlango ulio wazi kwako uko wazi kwa mwizi pia.

Kwenye C kuna mstari mwingine utakaoukuta kila mahali:

```
p = realloc(p, ukubwa_mpya);
```

Realloc ikishindwa hurudisha NULL, lakini kumbukumbu ya zamani haiachiliwi. Wewe umeshaifuta anwani yake kwa kuandika NULL juu ya p. Data yako bado ipo, ila hujui tena ilipo. Pokea jibu kwenye kigeu kingine kwanza, likague, ndipo ubadilishe p.

Wa Python nao wasicheke. Ukiandika orodha = orodha.sort(), orodha yako imepotea, kwa sababu sort hupanga papo hapo na kurudisha None. Na fankisheni yoyote ya Python ambayo tawi lake moja halina return hurudisha None bila kusema neno. Tony Hoare, aliyebuni marejeo ya null mwaka 1965 akiwa anafanyia kazi lugha ya ALGOL W, alisimama mbele ya wasikilizaji mwaka 2009 na kuuita uvumbuzi wake kosa la dola bilioni. Null ni "sijui" iliyovaa nguo za jibu.

Ninachopendekeza

Sitaki kuishia kulalamika. Haya ndiyo ninayotaka kuyaona nikikagua msimbo wa mtu:

1. Kabla ya kuandika if, andika kwenye karatasi majibu yote ambayo fankisheni inaweza kutoa. Yakizidi mawili, if yenye matawi mawili ni kosa hata kama leo inafanya kazi.

2. Linganisha na ufanisi, usilinganishe na kushindwa. Andika "kama ni 1 basi endelea, vinginevyo kataa." Usiandike "kama ni 0 basi kataa, vinginevyo endelea." Msimbo wa OpenSSL ungepona kwa badiliko hilo moja tu. Asiyejulikana abaki nje ya geti.

3. Fankisheni moja, swali moja. Kama jina lake ni ipo, ijibu kweli au uongo. Kama jina lake ni tafuta, irudishe kitu na njia ya wazi ya kusema hakipo. Usichanganye.

4. Usirudishe kosa kwa kuvaa sura ya jibu halali. Salio la -1 ni hatari. Siku moja mtu atalijumlisha kwenye ripoti, na jumla itapungua shilingi moja bila mtu kujua kwa nini.

5. Iachie kompaila kazi ya kunung'unika. GCC ina warn_unused_result, C++ ilipata nodiscard mwaka 2017, Rust hutoa onyo ukilitupa jibu la aina ya Result. Onyo hilo si kero, ni mlinzi wa usiku usiyemlipa mshahara.

6. Kwenye pesa, "sijui" iwe hali inayojitegemea kwenye databesi. Oda isiwe na hali mbili tu, imelipwa na haijalipwa. Iwe na ya tatu: inasubiri. Ukiomba kutuma pesa na mtandao ukakatika kabla ya jibu, usitume tena. Uliza kwanza hali ya muamala, Daraja ina huduma ya kufanya hivyo. Anayehesabu kimya kuwa "hapana" humlipa mtu mmoja mara mbili, na kurudishiwa pesa iliyolipwa mara mbili ni kazi ya mdomo, si ya msimbo.

Watakaopinga

Najua watakaosema: "Tumia eksepsheni, haya yote yataisha." Nusu ya kweli. Eksepsheni ina uzuri mmoja mkubwa, ukiipuuza programu inasimama, haiendelei kwa uongo. Lakini fungua mradi wowote mkubwa wa Java au PHP utafute catch zilizo tupu. Utazikuta. Catch tupu ni kumziba mdomo shahidi mahakamani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na seva nyingi zimewathibitishia.

Wengine watasema kwamba kukagua kila jibu kunaufanya msimbo uwe mrefu na wa kuchosha. Watu wa Go wanalijua lalamiko hili vizuri, kwa sababu fankisheni nyingi za lugha hiyo hurudisha vitu viwili, jibu na kosa, na mistari ya if err != nil imejaa kila faili. Ndiyo, inachosha. Lakini urefu huo haukuletwa na Go. Matawi hayo yalikuwepo siku zote. Lugha nyingine zinayaficha, Go inayaweka mezani. Na bado mtu anaweza kuweka alama ya _ mahali pa kosa akaendelea na maisha yake, kwa hiyo hakuna lugha itakayokuokoa na uvivu.

Na kuna watakaosema kwamba si kila jibu lina uzito sawa. Hapo nakubali. Printf ikishindwa kuandika salamu kwenye skrini, sitakosa usingizi. Lakini uamuzi wa kupuuza uwe uamuzi, uandikwe kwenye msimbo ili anayekuja baada yako ajue ulifikiri. Kupuuza kwa makusudi na kupuuza kwa kutojua vinafanana kabisa ukiviangalia kwenye skrini. Tofauti huonekana siku ambayo mwenye duka anapiga simu kuuliza viatu vyake viko wapi.

Basi leo usiku fungua mradi wako, tafuta kila mahali unapoita kitu kinachogusa pesa, nywila au faili, na kwa kila kimoja jiulize swali moja: hiki kikisema "sijui", programu yangu inasikia nini?